Maswali na majibu: sauti inapotokea puani

Barua za safari hii karibu zote ni za king'ong'o, kwa hiyo tumeziweka pamoja. Neno moja litarudi mara nyingi: lango. Ni ile nafasi iliyo nyuma ya kaakaa laini, inayounganisha koo na pua. Ukisema p, t, k, s au irabu yoyote, kaakaa laini hunyanyuka kuelekea nyuma, kuta za koo husogea ndani, lango likafungwa na hewa ikatokea kinywani. Ukisema m, n, ny au ng', kaakaa hushuka na lango hufunguka. King'ong'o tunachokijibu hapa ni cha lango lisilofunga vizuri. Pua iliyoziba ni habari nyingine, na ina swali lake mwishoni.

Nina mtoto wa miaka 5 darasani anayesema puani na wenzake wanamcheka. Wazazi wanasema ni mazoea tu. Sina kifaa chochote. Nawezaje kujua?
*Mwalimu wa darasa la awali, Morogoro*

Mwalimu, anza na maneno unayompa ayaseme, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Kiswahili kimejaa sauti za puani: kiambishi -na- cha wakati uliopo, m- ya mtu, na mb, nd, nj, ng zilizotapakaa kila mahali. "Mtoto anakunywa maziwa" haipimi kitu. Hata mtu mzima asiye na tatizo hupitisha hewa puani mara nne katika sentensi hiyo. Unahitaji sentensi zisizo na sauti ya puani hata moja, na njia rahisi ya kuzipata ni kutumia -li- au hu- badala ya -na-. Jaribu hizi:

Baba alipika pilau.
Kaka alikata kuti.
Dada Tatu alidai dawa.
Asha alisafisha viatu.
Gari la babu liko gereji.

Mwambie aseme kila moja mara mbili: kwanza pua ikiwa wazi, kisha ukiwa umeibana kwa vidole. Kwa mtoto ambaye lango lake linafunga, sauti haibadiliki. Ikibadilika waziwazi ulipobana, kuna sauti iliyokuwa inapita puani. Ukitaka uhakika zaidi chukua mrija laini wa plastiki wa sentimeta 40 hivi, mwembamba kama wa dripu. Ncha moja iweke mlangoni mwa tundu la pua la mtoto, nyingine sikioni mwako, kisha aseme "pa pa pa", "si si si", "sita, sita, saba, saba". Hewa ikivuja utaisikia ikipuliza au ikikwaruza ndani ya mrija hata kama kwa sikio tupu huisikii. Jaribu tundu zote mbili, kwa sababu mafua yanaweza kuziba moja.

Kioo kidogo chini ya pua nacho husaidia, ila kina hila zake. Kiingize mtoto akiwa ameshaanza kusema na ukiondoe kabla hajamaliza. Kikibaki hapo akivuta na kutoa pumzi ya kawaida kitapata ukungu, nawe utadhani umegundua tatizo. Na kwenye joto la pwani kioo chenye joto hakipati ukungu vizuri. Kipoze kwa maji ya baridi kwanza, ukifute, ila kisiwe cha barafu, maana hewa ya pwani itakitia ukungu yenyewe.

Mwisho, mwambie afungue kinywa aseme "aaa" ummulike kwa tochi. Kimio kilichogawanyika ncha mbili, au mstari wa samawati katikati ya kaakaa laini, huashiria mpasuko uliofichika: ngozi imeungana lakini misuli chini yake haijaungana. Alama ya tatu ni pengo dogo kwenye ukingo wa nyuma wa kaakaa gumu. Hiyo hupapaswa kwa kidole, mwachie daktari. Waulize wazazi pia kama maziwa yalikuwa yakimtoka puani alipokuwa mchanga, na kama masikio humsumbua. Ukiona lolote kati ya haya, mazoea tu hayatoshi kuwa maelezo. Apimwe usikivu kwanza, kisha aonwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Mwanangu ana miaka 7 na alishonwa kaakaa akiwa mdogo. Kliniki ya huku imempima kwa nasometa, ripoti inasema 41% kwenye kifungu cha Zoo. Nyumbani tunasema Kiswahili, Kiingereza amekianza shuleni. Hiyo 41 ni mbaya kiasi gani?
*Mama, Columbus, Ohio, Marekani*

Mama, tuanze na kile mashine inachokifanya. Mtoto huvaa kitu kama kofia ya vipokea sauti, chenye bamba linalokaa juu ya mdomo wa juu, kati ya pua na kinywa. Juu ya bamba kuna maikrofoni ya pua, chini yake ya kinywa. Sauti ya kila moja huchujwa ili kubaki na masafa yaliyo karibu na hezi 500, halafu kompyuta inagawa: sauti ya pua kwa jumla ya pua na kinywa, mara 100. Wazo hili lilitokana na mtambo wa mtafiti Samuel Fletcher uliojulikana kwa jina la TONAR, wa mwaka 1970. Nasometa yenyewe iliingia sokoni mwaka 1986 kupitia kampuni ya Kay Elemetrics.

Kifungu cha Zoo kiliandikwa makusudi bila sauti yoyote ya puani. Wasemaji wa Kiingereza wa Marekani wasio na tatizo hupata wastani wa 15 au 16 hivi kwenye kifungu hicho. Kwenye kifungu cha Rainbow, chenye sauti za puani kwa kiasi cha kawaida, hupata 35 hivi, na kwenye sentensi zilizojazwa sauti za puani hupita 60. Mpaka wa kusema "hapa kuna king'ong'o" kwenye Zoo huwekwa kati ya 26 na 32, kutegemea kituo. Kwa hiyo 41 iko juu ya mpaka wowote unaotumika.

Lakini usiichukue hivyo hivyo. Kuna mambo manne ya kuuliza kliniki.

La kwanza ni hilo la lugha. Mtoto anayesoma kifungu cha lugha asiyoizoea huvuta maneno, hukatakata, na huenda akatamka sauti za lugha ya kwanza. Omba wampime tena kwa silabi: pa pa pa, ta ta ta, ka ka ka, sa sa sa, kisha pi pi pi, ti ti ti. Zinafanana kwa lugha zote mbili na hazihitaji kusoma. Usishangae mfululizo wa "i" ukitoa namba kubwa kuliko wa "a". Ndivyo ilivyo kwa kila mtu, kwa hiyo "pi" hulinganishwa na "pi". Sentensi za Kiswahili tulizompa mwalimu hapo juu nazo zinafaa kumlinganisha mwanao na yeye mwenyewe, kabla na baada ya tiba. Ila asilimia yake isiwekwe kwenye jedwali la Kiingereza.

La pili: je, mashine ilisawazishwa siku ile? Kofia huwekwa mbele ya spika ya mashine, mlio ukapigwa, na maikrofoni zote mbili zikarekebishwa hadi zisome sawa, yaani 50%. Isipofanyika, namba inaweza kuhama bila mtoto kubadilika.

La tatu ni bamba. Likiinama, au likiacha uwazi kwenye shavu, sauti ya kinywa huvuja juu na ya pua chini. Hata kuvua na kuvaa tena huleta tofauti ya pointi chache, ndiyo maana kutoka 41 hadi 38 si maendeleo ya kusherehekea.

La nne ndilo kubwa. Nasometa hupima mwangwi wa sauti, haipimi tundu. Mtoto mwenye mafua siku hiyo hupata namba ndogo ya uongo. Hewa inayokwaruza kwa kelele kwenye tundu dogo inaweza kuipandisha namba, na huku sikio la mtaalamu linasikia king'ong'o kidogo tu. Namba na sikio vikipingana, wataalamu wazuri hufuata sikio kwanza na kutafuta kilichoidanganya mashine.

Vyote viwili vikikubaliana kwamba tatizo lipo, kipimo kinachofuata ni kuliona lango lenyewe. Endoskopu nyembamba inayopinda hupitishwa puani baada ya dawa ya ganzi, mtoto anasema sentensi zake, na daktari anatazama lango likifunga: ni kaakaa ndilo halifiki nyuma, au ni kuta za pembeni zisizosogea, na pengo lina umbo gani. Njia nyingine ni eksirei ya video, na mara nyingi huanza kwa matone ya bariamu puani ili kuta zionekane. Umbo la pengo ndilo huelekeza upasuaji. Kama misuli ya kaakaa imeelekea vibaya, hupangwa upya na kaakaa likarefushwa, kwa mfano kwa mishono ya umbo la Z, njia iitwayo ya Furlow. Kama pengo ni la katikati na kuta za pembeni zinasogea vizuri, kipande cha nyama ya nyuma ya koo huunganishwa na kaakaa. Kama kuta za pembeni ndizo zimelala, misuli ya huko huzungushwa kubana lango. Waulizeni mapema kuhusu kukoroma na kukatikiwa pumzi usingizini, maana kuziba lango kupita kiasi huleta hilo.

Shikamooni. Nasomea tiba ya usemi. Nasometa hatuna na bei yake hatuiwezi. Naweza kupata namba yoyote ya kuaminika kwa vifaa vya kawaida?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Marahaba. Unaweza, mradi ukubali kwamba namba zako ni zako na hazilinganishwi na za vitabuni.

Nunua maikrofoni mbili za kubana kolani, za aina moja kabisa, na rekoda ya stirio yenye matundu mawili. Zima marekebisho ya sauti ya kiotomatiki. Hilo ndilo huharibu majaribio mengi ya simu: rekoda inaona sauti ya pua ni ndogo, inaipandisha yenyewe, na uwiano wote unapotea. Kata plastiki ngumu ya sentimeta 15 kwa 10, upande mmoja uchonge upindo wa mdomo wa juu, ukauvishe sponji nyembamba isiyopitisha hewa. Maikrofoni moja iwe juu ya bamba, nyingine chini, zote sentimeta 5 kutoka usoni. Ya pua iingie chaneli ya kushoto, ya kinywa ya kulia, na uandike hivyo kwenye mkanda wa waya. Zikibadilishana, mtoto mzima atatoka na 80%.

Kusawazisha: toa bamba, ziweke maikrofoni bega kwa bega, cheza mvumo wa redio isiyoshika stesheni kutoka kwenye simu iliyo sentimeta 30 mbele yake, rekodi sekunde 10. Fungua faili kwenye Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Tenganisha chaneli mbili, chuja kila moja ibaki hezi 350 hadi 650, kisha soma ukubwa wake wa wastani, ule wa mzizi wa wastani wa miraba. Tuseme pua imetoa 0.050 na kinywa 0.040. Basi namba zote za kinywa za siku hiyo uzizidishe kwa 1.25.

Sasa mpime mtu. Sentensi tano zisizo na sauti ya puani, mara tatu, ukikata vimya vya mwanzo na mwisho. Baada ya kusahihisha, pua ikiwa 0.012 na kinywa 0.040, hesabu ni 0.012 kugawa kwa 0.052, yaani 23%. Kisha mpe sentensi zilizojaa sauti za puani: "Amina ameninunulia nanasi", "Mama anamnunulia nani nyanya?" Ikiwa pengo kati ya makundi haya mawili ni dogo kwa mtu asiye na tatizo, bamba lako linavuja. Jaribio la haraka ni "mmm" ndefu midomo ikiwa imefungwa. Ikikupa chini ya 80, rekebisha sponji kabla ya kuendelea.

Kabla hujampima mgonjwa hata mmoja, wapime watu wasio na tatizo wa umri ule ule, kwa sentensi zile zile, kwa bamba lile lile. Bila kundi hilo huna mpaka wa kusimamia.

Kwa kumwonyesha mtoto hewa inapotoka, usihangaike na kompyuta. Kuna kifaa kiitwacho See-Scape: ncha laini ya kuweka puani, mrija, na bomba wima la plastiki angavu lenye kiboya chepesi cha stairofomu ndani. Hewa ikivuja puani kiboya kinapanda. Unaweza kukiunda kwa mrija wa maabara na bomba angavu, ila kiboya kipite bila kugusa kuta, na juu uache tundu la kutolea hewa huku ukizuia kiboya kisiruke. Kila mtoto awe na ncha yake. Ikibidi kuirudia, ioshe kwa sabuni, iloweke dakika 10 kwenye klorini ya 0.5% (sehemu 1 ya Jik ya 3.5% kwa sehemu 6 za maji), isuuze, ikauke.

Tumeambiwa mtoto apulize maputo na mshumaa kila siku ili kaakaa lipate nguvu. Ni miezi sita sasa na hakuna mabadiliko.
*Baba, Kisumu*

Hayatakuja, na kosa si la mtoto wala lenu. Kuna watoto wanaofunga lango vizuri kabisa wakipuliza na hawalifungi wakisema, kwa sababu kupuliza na kusema hutumia lango kwa namna tofauti. Zaidi ya hayo, kaakaa fupi halirefuki kwa mazoezi. Acheni maputo, pesa na muda viende kwenye kumpima.

Tiba ya usemi ina kazi yake, lakini kazi hiyo ni kubadilisha mahali ulimi unapotamkia. Mtoto aliyekua na kaakaa wazi hujifunza kukata sauti kooni badala ya kinywani: "kaka" ikawa "a'a". Zoea hilo hubaki hata baada ya upasuaji mzuri, na hilo linafundishika.

Sikiliza pia kama king'ong'o kiko kwenye kila sauti au kwenye s na sh peke yake. Kuna watoto ambao p, t, k zao ni safi, irabu ni safi, lakini kila s inatokea puani kwa mkwaruzo. Hao wana lango zima. Walijifunza s vibaya, basi, na kuwapasua ni kosa. Njia inayofanya kazi ni hii: mtoto auma meno pamoja, aseme "t" akiwa hivyo, kisha aivute: "ttttsss". Mbane pua mara chache za kwanza ili asikie tofauti, halafu achia. Weka mrija wa soda mbele ya meno yake ya juu ya mbele. S ikitokea kinywani itasikika ndani ya mrija. Ikishakaa, "t" inaachwa polepole, kisha "sa", "si", "su", kisha "sahau", "sita", "supu". Usimpe "samaki" mapema, ile m itamrudisha puani.

Binti yangu wa miaka 4 ametolewa nyama za puani wiki mbili zilizopita. Alikuwa akikoroma, sasa hakoromi, ila sauti imekuwa ya king'ong'o. Wameharibu kitu?
*Mama, Arusha*

Huenda hapana. Kwa watoto wengi kaakaa hufunga kwa kugusa zile nyama, ambazo hukaa nyuma kabisa ya pua, juu ya koo. Zikiondolewa, ghafla lina safari ndefu zaidi, na maumivu hulifanya lizembee. Kwa kawaida hurekebika ndani ya wiki chache. Ikifika miezi mitatu bado iko vile vile, au vinywaji vinamtoka puani, mrudishe apimwe. Sababu inayojitokeza mara kwa mara ni ule mpasuko uliofichika tuliomweleza mwalimu wa Morogoro. Kimio na kaakaa vinapaswa kukaguliwa kabla ya kutoa nyama, kwa hiyo mwenye mtoto anayesubiri upasuaji huo aulize: "Kaakaa lake umelitazama?"

Kijana wangu alipata ajali ya bodaboda, akaumia kichwa. Sasa anaongea puani na maneno hayaeleweki. Daktari wa meno amesema atamtengenezea kifaa cha kinywani. Kitasaidia?
*Mzazi, Mombasa*

Kama kaakaa lake ni refu wa kutosha ila halinyanyuki kwa sababu mishipa ya fahamu imeumia, huyu ndiye mtu ambaye kifaa hicho kilibuniwa kwa ajili yake. Ni bamba la akriliki juu ya kaakaa gumu, limeshikwa na kulabu za waya kwenye meno ya nyuma, lenye mkia unaolisukuma kaakaa laini juu.

Halitengenezwi kwa siku moja. Kwanza huvaa bamba tupu bila mkia kwa wiki moja au mbili, azoee kumeza na kusema nalo. Kisha mkia huongezwa milimita chache kila ziara, mpaka kaakaa laini lifike usawa wa kaakaa gumu. Ukiharakishwa, mtu hutapika au analivua na kulitupa kabatini. Kila hatua ipimwe: sentensi zisizo na sauti za puani kwa sikio na mrija, au endoskopu ikipatikana. Mkia ukizidi, utajua hivi: kaakaa lina wekundu au kidonda, anashindwa kupumua kwa pua, na "mama" yake inasikika kama "baba". Hapo mkia unapunguzwa.

Mambo yanayokwamisha ni meno machache au yaliyolegea, maana kulabu hazina pa kushika, na misuli iliyokakamaa inayolisukuma bamba chini. Kifaa hakitengenezi ulimi uliopooza wala pumzi fupi. Kama maneno hayaeleweki kwa sababu hizo, mtasikia sauti safi zaidi lakini maneno bado mazito. Alivue akilala, alisugue kwa brashi na sabuni, maji ya baridi tu. Maji ya moto hupinda akriliki na kulabu haziwezi tena kukaa.

Msilichanganye na lile lenye tufe nyuma. Hilo ni la kaakaa fupi au lenye pengo: tufe la akriliki hukaa langoni kwenyewe, kuta za koo zikaja kulibana. Kwa mtoto anayekua lazima libadilishwe kadiri kinywa kinavyopanuka.

Nimesikia mashine ya CPAP ya wanaokatikiwa pumzi usingizini inatibu king'ong'o. Kweli?
*Msomaji, Kampala*

Kwa baadhi. David Kuehn wa Marekani aliieleza njia hii mwaka 1991. Hewa inasukumwa puani kwa barakoa huku mtu akisema, kwa hiyo kaakaa linafunga likipambana na shinikizo, kama misuli inayobeba uzito. Ratiba yake ni wiki 8, siku 6 kwa wiki. Shinikizo huanza sentimeta 4 za maji na kupandishwa hadi 8.5, muda wa zoezi dakika 10 wiki ya kwanza, ukiongezwa dakika 2 kila wiki hadi 24. Matokeo hayalingani: wengine wamepungukiwa na king'ong'o, wengine hawakubadilika. Inawafaa wenye pengo dogo na kaakaa linalosogea. Haifai kwa pengo kubwa, wala kwa mwenye mafua au maambukizi ya sikio siku hiyo.

Maneno yake ya zoezi huanza na irabu, kisha sauti ya puani, kisha konsonanti na irabu yenye mkazo, ili kaakaa lishuke halafu linyanyuke kwa nguvu. Kiswahili kinayo tele: andika, ambako, ambaye, endapo, ingawa. Orodha hiyo ni pendekezo letu tu. Usimamizi uwe wa mtaalamu wa tiba ya usemi, mashine isipandishwe nyumbani kwa kukisia.

Bibi anataka mtoto akatwe kimio kwa sababu anakohoa. Kinaweza kuathiri sauti?
*Mama, Mtwara*

Kimio peke yake mchango wake kwenye kufunga lango ni mdogo. Hatari ni kwamba mkataji haoni anapoishia. Akichukua na ukingo wa kaakaa laini, kovu hulivuta na lango halifungi tena, achilia mbali kutokwa damu, pepopunda na wembe uliotumika kwa wengine. Kikohozi nacho kinabaki palepale, kwa kuwa hakitoki kwenye kimio. Mwambie bibi kwa heshima kwamba mtoto anapelekwa kusikilizwa kifua. Na kama kimio kina ncha mbili, ndiyo sababu zaidi ya kutokigusa.

Mwanangu "mama" anasema "baba" na "nani" anasema "dadi". Ni king'ong'o?
*Msomaji, Bujumbura*

Ni kinyume chake: hewa haipiti puani inapotakiwa kupita. Mwambie aseme "mmm" midomo imefungwa, umzibe tundu moja moja. Upande ambao sauti inakatika ukimwacha na tundu hilo peke yake, ndio ulioziba. Mafua ya siku kumi yanaweza kufanya hivyo. Akiwa hivyo mwezi mzima, analala kinywa wazi na kukoroma, daktari atafute nyama za puani, mzio, au kitu alichojisukumia mwenyewe, hasa kama ni tundu moja linalotoa uchafu wenye harufu. Mazoezi ya usemi hayana kazi hapa mpaka njia ifunguke.